Pambizo

Ijumaa, saa sita mchana, fomu irudi kwa mhasibu:
jina la kitabu, bei, nakala arobaini, sahihi yangu hapa.
Nimewapanga watatu mezani, kama wachumba,
dirisha wazi, kelele za Wandegeya zikipanda kilima.

Wa kwanza anang'aa, bado ananukia duka.
Laki na arobaini, na mazoezi yanauzwa kando.
Somo la kwanza: bwana ameegemea kaunta,
anaagiza kahawa, anainywa wima, analipa, huyoo.
Hajauliza habari za nyumbani.
Mwaka jana nililisoma darasani. Wabuyi wa Bududa,
ambaye baba yake huuza buni kwa kilo,
akainua mkono: "Mwalimu, kikombe kile bei gani?"
Nikamwambia.
Akapiga hesabu nyuma ya daftari,
hakusema tena hadi kipindi kikaisha.

Wa pili ni mzee. Mchwa wamemla ubavu,
na ndani, kwa wino wa zambarau, jina la padri.
Ukurasa wa nane tayari anakudai vitenzi vya shaka,
kama mkwe anayetaja mahari kabla ya chai.
Lakini sentensi zake!
"Malkia amempa mkulima tufaha."
Nani atasema hivyo, kwa nani, na tufaha la wapi?

Wa tatu ni wa kijivu. Amechapwa vibaya:
theluji na stesheni ni giza lile lile.

Wote watatu wanatufunza a, e, i, o, u kwa kurasa sita
kana kwamba midomo yetu ilizaliwa jana.
Wote wanatutisha kwa konsonanti pacha:
pala ni sepetu, palla ni mpira, jihadharini!
Nakimuli akacheka hadi akashika meza.
"Kwetu okuba ni kuwa, okubba ni kuiba.
Anayevichanganya hulala polisi."
Wote wanaomba radhi: nomino zina jinsia mbili,
ni mzigo, lakini mtazoea.
Mbili! Mimi wa Bombo, niliyekariri ngeli kwa fimbo,
nilifunua kurasa za nyuma
kutafuta zilizobaki.

Basi hawakuandikiwa sisi. Hilo nalijua, silalamiki.
Barua ya mtu mwingine nayo husomeka.

Ila Candiru hakuja kwa ajili ya kahawa.
Shangazi yake yuko Brescia, huosha wazee,
amemtafutia nafasi.
Jana alinipa karatasi yenye maneno aliyoyataka:
kidonda cha mgongoni. Nepi. Mgeuze polepole.
Usiku alilia. Mwanawe hakupiga simu.
Nikawafungua wote watatu, faharasa kwa faharasa.
Kapuchino, mara kumi na nne.
Nepi, hakuna. Mgeuze polepole, hakuna.
Wazee wapo, pichani, wanacheza karata,
meno yote kinywani.

Ndipo nikachukua rula nikapima pambizo.
Wa kwanza, nusu kidole: picha zimejaa hadi ukingoni.
Wa pili, waulize mchwa.
Wa tatu, huyu wa kijivu asiye na sura,
vidole vinne kila upande, weupe mtupu,
kama kiwanja ambacho hakijajengwa.

Nimeandika jina lake kwenye fomu.
Mhasibu akiuliza sababu, nitasema bei,
na si uongo: elfu thelathini na tano.

Jumatatu tutaanza na kahawa ile ile
(naye anayo, hawawezi kuikosa),
penseli zikiwa zimechongwa.
Wabuyi ataandika pembeni bei ya kilo.
Candiru ataandika mgeuze polepole,
halafu kwa Kitaliano, taratibu, mimi na yeye,
na tukikosea
nafasi ya kufuta ipo.